Uyoga Mweupe Sio Chakula cha Matajiri

Ukitaka watu wakuite babi siku hizi, posti uyoga. Posti nyama choma, hakuna anayeshtuka. Posti matumbo, watu wanakuita msee wa kwetu. Lakini ukiweka video ya uyoga mweupe ukikaangwa na kitunguu saumu, maoni yanaanza kumiminika: "Hizo ni chakula za wazungu." "Sisi wengine ni sukuma tu." "Pesa imekuingia, buda."

Nimeyasoma hayo chini ya video zangu mara nyingi sana. Na wapo wa upande wa pili, wale ambao wakisikia uyoga wanaruka kabisa: uyoga ni nyama, uyoga unatibu hili na lile, lima uyoga uwe milionea kabla ya Krismasi.

Mimi naona pande zote mbili zimekosea, na historia ya huu uyoga ndiyo inaonyesha walipokosea. Kwa hivyo vumilieni somo kidogo. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliposhinda, lakini kusoma sikuacha.

Tuelewane kwanza tunaongea kuhusu nini. Nazungumzia ule uyoga mdogo, mweupe, wa mviringo, unaouzwa kwenye trei ndogo zilizofungwa plastiki kule kwa friji za supamaketi. Kiingereza kimeupa jina la kifungo cha shati, na ukiuangalia kabla haujafunguka, kweli unafanana na kifungo. Wanasayansi wanauita Agaricus bisporus. Hapa nitauita uyoga mweupe tu, ingawa hata huo weupe, kama mtakavyoona, ni wa juzi.

Wakulima wa kwanza walikuwa mchwa

Wale wanaosema uyoga ni chakula cha wazungu, nawauliza swali moja: hili neno "uyoga" tulilitoa wapi? Kiswahili kina neno lake. Tunasema makanisa yameota kama uyoga, nyumba za kupanga zimeota kama uyoga. Huwezi kuwa na msemo kama huo kama hujawahi kuamka asubuhi baada ya mvua ukakuta kitu kimechipuka mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Waluhya wanauita obwoba. Waganda wanauita obutiko, na wana ukoo mzima unaoitwa Butiko. Uyoga ndio mwiko wa ukoo huo, yaani wao hawauli. Watu hawaupi ukoo jina la kitu wasichokijua.

Uyoga ambao bibi zetu walikuwa wakiokota magharibi ya Kenya ni ule wa kichuguu. Na hapo ndipo historia inakuwa tamu. Ndani ya kichuguu, mchwa wanalima. Wanabeba majani na vijiti vikavu, wanavitafuna, na kutokana na kinyesi chao wanajenga kitu kama sega. Juu ya lile sega wanaotesha kuvu. Kuvu inavunja yale mabaki magumu, halafu mchwa wanakula. Mvua ikinyesha, aina nyingi za hiyo kuvu zinasukuma uyoga juu ya udongo, na hapo ndipo mtoto anatumwa na kikapu alfajiri kabla majirani hawajaamka.

Mchwa wamefanya ukulima huo kwa zaidi ya miaka milioni 20. Mmoja wa uyoga wa jamii hiyo, unaopatikana Zambia na nchi za karibu nayo, kofia yake inaweza kufika karibu upana wa mita moja. Na pamoja na maabara zote tulizonazo, binadamu bado hajafaulu kuulima uyoga wa kichuguu kibiashara bila mchwa wenyewe. Ndio maana haupo kwa trei. Unakuja na mvua, unaenda na mvua.

Kwa hivyo kula uyoga hatukufunzwa na mtu. Kitu kilichokuja kutoka Ulaya ni aina moja tu ya uyoga, ile iliyokubali kufungiwa ndani ya nyumba na kuvunwa mwaka mzima. Na hiyo aina asili yake ni kinyesi cha farasi.

Paris, samadi na matikiti

Miaka ya 1600, pembeni mwa jiji la Paris, kulikuwa na wakulima wa mboga na matunda waliolisha jiji. Wengine walikuza matikiti. Sasa, tikiti linapenda joto, na Paris ni baridi. Kwa hivyo walitengeneza matuta ya samadi ya farasi. Samadi mbichi ikioza inatoa joto kali, na joto hilo lilitosha kulea miche. Lakini walipomaliza msimu wakakuta kwenye yale matuta ya zamani kuna uyoga umeota. Wakaula. Wakaona ni mtamu. Wakaanza kuurudisha makusudi, kwa kuchukua vipande vya samadi vyenye nyuzi nyeupe na kuvipanda kwenye tuta jipya.

Mwaka 1707 mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Joseph Pitton de Tournefort, aliandika maelezo ya jinsi wakulima hao walivyokuwa wakifanya. Ona vile mambo yalienda: mwanasayansi alikuja na kalamu wakati mkulima wa samadi ashajua kazi zamani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1800 kazi ikashuka chini ya ardhi. Chini ya Paris kuna machimbo ya mawe ya chokaa, yale mawe yaliyojenga jiji lenyewe. Mawe yalipotolewa, yalibaki mapango matupu, marefu, yenye giza. Mkulima aliyeitwa Chambry ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kupeleka uyoga humo. Watu wengi hudhani uyoga unapenda giza. Ukweli ni kwamba hauna haja na mwanga, basi. Kitu ulichopenda kule chini ni ubaridi usiobadilika, kiangazi na kipupwe, na hewa yenye unyevu. Uyoga ukaanza kupatikana mwaka mzima, ukapewa jina la uyoga wa Paris, na Wafaransa wanauita hivyo hadi leo.

Fikiria huo mzunguko. Jiji lote linaendeshwa na farasi: mikokoteni, mabasi ya farasi, jeshi. Farasi wanaacha samadi. Samadi inashushwa mapangoni, inatoa uyoga. Uyoga unapanda sokoni. Samadi iliyotumika inapanda pia, inarudi kwenye mashamba ya mboga. Hakuna kilichotupwa. Uyoga mweupe ni mtoto wa takataka za jiji, na waliouzaa walikuwa vibarua wenye taa za mafuta mkononi, migongo imepinda, wakivuna kwenye mapango ambayo mtu mrefu hawezi kusimama wima.

Magari yalipoanza kufukuza farasi, na reli za chini ya ardhi zilipoanza kuchimbwa mjini, wakulima wengi walihama. Wengi walienda Saumur, kwenye bonde la mto Loire, ambako pia kuna mapango ya mawe.

Ulipandaje cheo?

Sasa, chakula cha mapangoni kilifikaje kwenye meza ya kitambaa cheupe? Jibu ni wapishi. Mwaka 1651 mpishi La Varenne, aliyefanya kazi jikoni kwa mkuu mmoja wa Ufaransa, alitoa kitabu kilichobadilisha upishi wa nchi hiyo. Upishi wa aina hiyo mpya uliacha kuzika chakula chini ya viungo vingi vya kutoka mbali, ukaanza kutafuta ladha kwenye vitu vya karibu: mboga, siagi, uyoga. Baadaye mapishi ya Kifaransa yakawa ndiyo mapishi ya hoteli kubwa duniani kote. Popote hoteli ya wageni ilipofunguliwa, supu ya uyoga iliingia kwenye menyu.

Kwa hivyo ule ubabi unaouona kwenye uyoga ni wa hoteli, wala hautoki kwenye uyoga wenyewe. Mtu akiogopa uyoga anaogopa ile sahani na yule weita.

Shida kubwa ya wakulima ilikuwa mbegu. Uyoga hauna mbegu kama mahindi. Una vumbi laini sana chini ya kofia, na kuliotesha vumbi hilo ilikuwa kazi ya kubahatisha. Mpaka miaka ya 1890 mkulima alitegemea vipande vya samadi vyenye nyuzi, na pamoja na nyuzi alibeba magonjwa. Miaka hiyo watafiti wawili wa Paris, Julien Costantin na Louis Matruchot, walifaulu kuotesha vumbi hilo kwenye maabara na kutoa mbegu safi. Mwaka 1905 Mmarekani Benjamin Duggar akaonyesha njia nyingine: chukua kipande cha nyama ya uyoga wenyewe, ukioteshe. Hapo kilimo cha uyoga kikatoka kwenye siri za familia, kikawa biashara.

Huko Marekani hadithi inaenda mji mdogo wa Kennett Square, jimbo la Pennsylvania. Miaka ya 1880 mkulima wa maua, William Swayne, aliona kuna nafasi tupu inapotea chini ya meza zake za maua. Akaleta mbegu ya uyoga kutoka Uingereza, akapanda chini ya zile meza. Leo Pennsylvania inatoa zaidi ya nusu ya uyoga wote wa Marekani. Na mikono iliyovuna ilibadilika kizazi baada ya kizazi: Waitaliano waliohamia, kisha watu wa Puerto Rico, kisha Wameksiko. Kila mara ni yule mgeni aliyekuja na mfuko mtupu. Hii ndiyo inaitwa chakula cha matajiri?

Sasa tufike kwa ule weupe. Miaka yote hiyo uyoga huu ulikuwa kahawia. Mwaka 1926, kwenye shamba moja Pennsylvania, kati ya uyoga wa kahawia uliota mkungu mmoja mweupe pe. Ajali ya maumbile. Badala ya kutupwa, ukachukuliwa ukazalishwa. Wanunuzi waliupenda kwa sababu weupe ulionekana safi, kama mkate mweupe na sukari nyeupe, na kuanzia hapo weupe ukashinda dunia. Ladha haikuwa sababu. Macho tu.

Halafu wakafanya mchezo mwingine. Uyoga wa kahawia ukiachwa ukafunguka unakuwa mkubwa kama kiganja. Zamani huo ulikuwa hasara, watu waliona umezeeka. Miaka ya 1980 ukaanza kutangazwa kwa nguvu kwa jina zuri, portobello, na bei ikapanda. Ni uyoga ule ule! Mweupe, kahawia na portobello ni aina moja, Agaricus bisporus, tofauti ni rangi na umri. Siku nyingine ukiona bei tatu kwenye rafu moja, kumbuka hilo.

Mbona ni ghali kwetu?

Hapa Kenya uyoga mweupe unalimwa sana kwenye nyanda za baridi za Kiambu, upande wa Tigoni na Limuru, kule kwenye chai na ukungu. Sababu ni ile ile ya mapango ya Paris. Huu uyoga ukifika wakati wa kutoa vichwa unataka ubaridi wa nyuzijoto 16 hadi 18. Ukiulima Kisumu au Mombasa itabidi ununue baridi, na baridi ya kununua inaitwa bili ya stima.

Kuna kazi pia. Kwanza unachanganya majani makavu ya ngano na samadi ya farasi au ya kuku na jasi, unamwagia maji, unageuza na kugeuza kwa karibu wiki mbili. Lile rundo linachemka lenyewe hadi nyuzijoto 70 na zaidi. Halafu linapitishwa kwenye joto la karibu nyuzijoto 60 ili kuua wadudu na kuvu nyingine. Linapoa, unapanda mbegu. Wiki mbili nyuzi nyeupe zinasambaa. Unafunika kwa udongo maalumu, unasubiri, unapunguza joto, unaongeza hewa, na kama wiki tatu baada ya kufunika ndipo mavuno ya kwanza yanakuja. Yakija, uyoga unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja, kwa hivyo lazima mtu awepo kuvuna kwa mkono, kichwa kimoja kimoja. Ukichelewa umefunguka. Ukivuna, una siku chache tu za kuuza kabla haujageuka rangi.

Ukijua hayo, bei ya trei inaacha kuwa fumbo. Unalipia baridi, mikono na haraka.

Na ndio maana nakasirika na wale wauza ndoto. Wasee wa rika langu tunakumbuka kware. Mwaka 2013 watu waliuza ng'ombe wakanunua kware, yai dogo likauzwa kama dawa ya kila kitu, na mwaka uliofuata soko likaanguka, watu wakabaki na vizimba. Sasa wimbo ule ule umewekewa uyoga. Binamu yangu alilipia "mafunzo" ya siku moja kwa jamaa fulani, akapewa cheti, mifuko minne ya mbegu na ahadi ya soko. Mbegu ilikuwa imeoza, na simu ya jamaa ikawa mteja hapatikani. Uyoga unaweza kukupa pesa, kuna watu unawapa. Lakini kilimo kilichochukua Wafaransa miaka mia mbili kukielewa hutakijua Jumamosi moja. Kama umeamua, nenda mahali panapoeleweka, kwa mfano chuo cha JKUAT pale Juja wanatoa mbegu na mafunzo. Na anza na uyoga wa oista, ule unaoota kwa majani makavu ya ngano au maharagwe bila ile shughuli yote ya samadi, na unavumilia joto zaidi.

Je, ni nyama?

Hapana. Wacha nitoe namba, maana hapa ndipo watu wanadanganywa.

Gramu 100 za uyoga mweupe mbichi zina gramu 92 hivi za maji. Zina gramu 3 za protini, kalori 22, na mafuta karibu sifuri. Kwa hivyo trei nzima ya gramu 250 ina protini kama gramu 8. Yai moja lina gramu 6. Yaani umenunua trei nzima ukapata protini ya yai moja na robo hivi, na kalori chache kuliko hilo yai. Gramu 100 za maharagwe yaliyopikwa zina protini gramu 8 au 9. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi, ikishapikwa, inapita gramu 25.

Kwa hivyo mzazi akiambiwa aache maharagwe na mayai anunulie watoto uyoga "kwa sababu ni nyama", huyo ameibiwa, na watoto watalala njaa wakiwa na sahani nzuri.

Lakini usiutupe. Mazuri yake yapo, ni vile yanatajwa vibaya. Hizo gramu 100 zinakupa karibu theluthi moja ya vitamini B2 ambayo mtu mzima anahitaji kwa siku, karibu robo ya B3, na theluthi ya madini ya shaba. Potasiamu iko karibu na ya ndizi mbivu kwa uzito ule ule. Kuna seleniamu pia. Kwa mtu anayepunguza uzito, au mwenye kuangalia sukari, ni chakula kinachojaza sahani bila kujaza mwili.

Halafu kuna maajabu ya vitamini D. Ndani ya uyoga kuna kitu ambacho kikipigwa na jua kinageuka kuwa vitamini D, kama vile ngozi yetu inavyofanya. Uyoga wa trei umekulia ndani, kwa hivyo ina kidogo sana. Lakini ukate vipande, uweke juani saa sita mchana kwa nusu saa hivi kabla ya kupika, na inapanda sana. Jua letu ni la bure. Tumia.

Vitamini B12 usiitafute humo. Iko chembe tu. Kama huli nyama, maziwa wala mayai, uyoga hautakuokoa.

Na dawa? Mtu akikwambia uyoga wa supamaketi unatibu saratani au kisukari, shika mfuko wako vizuri. Ni chakula kizuri. Chakula kizuri kinatosha kuwa chakula kizuri.

Sufuria

Sasa kama protini ni kidogo na bei iko juu, mbona nanunua? Ladha. Uyoga una ile ladha nzito ya mchuzi wa mifupa, ile inayokufanya ulambe kijiko. Trei moja inaweza kubadilisha sufuria nzima ya kitu cha bei rahisi. Hiyo ndiyo hesabu yangu ya keja: uyoga ni kiungo kikubwa, sio nyama ndogo.

Watu wengi walioniambia uyoga "unateleza kama konokono" walipikiwa vibaya. Kosa ni moja kila mara: sufuria ndogo, moto mdogo, mafuta na nyanya vyote kwa pamoja. Uyoga ni maji. Usipoyatoa hayo maji kwanza, unauchemsha.

Fanya hivi. Suuza haraka kwenye maji yanayotiririka, futa. Usiloweke. Kata vipande vinene, kwa sababu vitanywea hadi nusu. Weka kikaango kipana kwenye moto mkali, tia uyoga mkavu bila mafuta, bila chumvi. Tulia. Utaona maji yanatoka, yanachemka, kisha yanaisha. Sikiza kwa masikio: sauti ya kuchemka ikigeuka kuwa ya kukaanga, sasa tia mafuta, kitunguu, kitunguu saumu, na chumvi. Acha uwe kahawia. Hapo ndipo nyanya iingie kama unataka mchuzi, na dania mwisho. Ugali, chapati, wali, vyote vinakubali.

Na usiogope kuupikisha. Nyama ukiiacha sana inakuwa raba, samaki anavunjika. Uyoga hauharibiki kirahisi kwa moto, kwa sababu ukuta wa seli zake umetengenezwa na kaitini, kile kile kilichotengeneza gamba la mdudu, na kaitini haijali moto wa jikoni. Hii pia ni sababu ya kuupika badala ya kuula mbichi kwenye saladi: tumbo linaupokea vizuri zaidi ukiwa umeiva, na moto unapunguza kemikali fulani iliyo kwenye uyoga mbichi ambayo si nzuri kuila nyingi.

Njia ninayoipenda zaidi ni ndengu. Chemsha ndengu kama kawaida. Katakata nusu trei ya uyoga iwe midogo kabisa, kaanga mpaka iwe kahawia na kikaango kianze kushika chini, kisha mimina ndengu humo na maji kidogo, ukikwangua ile rangi ya chini. Protini inatoka kwa ndengu, ladha inatoka kwa uyoga, na watu watatu wanashiba. Maharagwe ni vivyo hivyo. Nyama ya kusaga robo kilo ukiichanganya na uyoga uliokatwa hivyo inafika mbali kama nusu kilo.

Na ile ya nyumbani kabisa: mchuzi wa karanga. Magharibi ya Kenya na Uganda watu walijua zamani kwamba uyoga na karanga ni ndoa. Kaanga uyoga, tia karanga iliyosagwa na maji moto, acha ichemke polepole hadi mafuta yaanze kuonekana juu. Ukipata munyu, ile chumvi ya majivu, tia kidogo. Uyoga mweupe hauna nguvu ya ule wa kichuguu, siwezi kudanganya, lakini kwenye karanga unajitahidi.

Kama hauna friji, nunua siku unayopika. Kama unayo, toa kwenye plastiki uweke kwenye mfuko wa karatasi, utakaa siku kadhaa bila kulowa.

Kitu kimoja cha mwisho, na hiki sio utani. Niliposifu uyoga wa kichuguu sikusema uende msituni ukaokote. Kuna uyoga wa jamii ya Amanita ambao unafanana na wa kuliwa, na baadhi yake una sumu ambayo haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Mtu anakula, anasema ni mtamu, analala vizuri. Saa 6 hadi 12 au zaidi zinapita ndipo tumbo linaanza, halafu linatulia kidogo akidhani amepona, kumbe ini linakufa. Wazee waliokuwa wakiokota walijua kichuguu kwa kichuguu, na ujuzi huo walipewa kwa miguu, wakitembea na mama zao. Haukuandikwa popote. Wakiondoka, unaondoka nao. Kama nyumbani kwenu bado kuna mtu anayeujua, mvua ijayo usimpigie simu tu kumtumia pesa. Nenda mtembee naye.

Trei ya supamaketi haitakufunza hayo. Yenyewe inakupa kitu kingine: uyoga salama, siku yoyote ya mwaka, uliotoka kwenye samadi kupitia mikono ya watu wa kawaida tangu Paris hadi Tigoni. Ukiweza kuinunua mara moja kwa mwezi, inunue bila aibu, na uitie kwenye ndengu. Ukishindwa, hujapitwa na protini yoyote. Maharagwe yako yako sawa.

Kwenu mnauita aje uyoga, na mnaupika na nini? Niandikieni, haswa nyinyi wa Pwani na Ukambani. Nataka kukusanya haya majina kabla hayajapotea.